Chaguo-msingi ni Chaguo la Nani?

Makala haya yanadhamiria kujadili jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halina makao katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jambo lenyewe ni hili: mfumo wa tarakilishi uitwao Linux humfikia mtumiaji ukiwa na milango fulani iliyo wazi na mingine iliyofungwa, kabla mtumiaji huyo hajagusa chochote. Nani huamua mlango upi uwe wazi? Na akiamua vibaya, hasara ni ya nani? Namwomba msomaji anivumilie. Siandiki kama mtaalamu wa tarakilishi, maana mimi si mmoja wao. Naandika kama mwanafunzi wa fasihi aliyeshiriki kupoteza amana ya watu kwa kutoelewa mstari mmoja wa maandishi.

Tuanze na istilahi, kwa kuwa huko ndiko kwetu. Katika programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, mpangilio ambao programu huufuata pale ambapo hakuna aliyeiagiza vinginevyo huitwa "chaguo-msingi". Kimofolojia sina ugomvi na neno hili. Ugomvi wangu ni wa kimaana. "Chaguo" latokana na kitenzi "chagua", na kitenzi hicho hudai mtendaji: hapana chaguo pasipo aliyechagua. Lakini anayelisoma neno hili kwenye kioo cha tarakilishi yake hudhani ama amechagua yeye, ama hakuna aliyechagua na mambo yako tu jinsi yalivyo. Dhana zote mbili ni potofu. Yuko mtu aliyeketi mahali akaamua, akiwa na mtumiaji fulani akilini mwake, na mtumiaji huyo wa kuwaziwa huenda hafanani nasi hata kidogo. Wenzangu wa isimu watakumbuka tofauti kati ya "mlango umefunguka" na "mlango umefunguliwa". Lugha ya tarakilishi hupenda ile kauli ya kwanza. Mimi nataka tuizoee ya pili, ili tuweze kuuliza: na nani?

Yafaa nieleze milango hiyo ni ipi. Tarakilishi iliyounganishwa na mtandao huweza kuzihudumia tarakilishi nyingine: kutoa kurasa za wavuti, kupokea barua pepe, kuchapisha nyaraka, kuhifadhi data, kumruhusu mwenyewe aingie akiwa mbali. Kila huduma husubiri wageni kwenye mlango wenye nambari yake. Huduma ya SSH, ambayo kwayo mtu huiendesha tarakilishi iliyo mbali, husubiri kwenye mlango wa 22. Kurasa za wavuti hutoka kwenye mlango wa 80 au wa 443. Huduma ikiwa imezimwa, mgeni hupiga hodi asijibiwe. Ikiwa imewashwa, kila apigaye hodi hujibiwa, awe mwenyeji au mwizi, na usalama wa nyumba hutegemea kama bawabu anadai nywila, na kama bawabu mwenyewe hana kasoro.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2019, nikiwa bado katika shahada ya kwanza, nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliokusanya nyimbo za wanawake katika vijiji kadhaa vya Kwale kwa niaba ya mradi ambao sitautaja. Bibi mmoja alituimbia jioni tatu mfululizo. Nyingine zilikuwa nyimbo za harusi, za kila mtu. Nyingine zilikuwa zile ambazo somo humwimbia mwari ndani, na hizo alitupa sisi wasichana wawili tuliokuwamo kundini, kwa sharti: ziandikwe zisipotee, lakini zisisomwe na mwanamume wala na msichana ambaye hajafundwa. Tuliahidi. Sharti lake tuliliandika kwenye daftari, chini ya jina lake, kwa wino.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 mradi ulikodi seva yenye Ubuntu, ambao ni mmojawapo wa mikusanyo mingi ya Linux. Orodha yetu yote, yaani majina ya waimbaji, umri, vijiji, nambari za simu, matini za nyimbo na masharti ya kila mmoja, iliwekwa katika hifadhidata ya MongoDB. Hifadhidata hiyo, jinsi ilivyotoka kwa waundaji wake wakati huo, iliisikiliza tarakilishi yake pekee kwenye anwani 127.0.0.1, anwani ambayo tarakilishi hutumia kujisemeza yenyewe, kama mtu anayewaza moyoni. Sisi tulitaka kuifikia tukiwa mabwenini. Ilikataa. Mwongozo tulioupata mtandaoni ukasema: badilisha anwani hiyo iwe 0.0.0.0. Tukabadilisha, ikakubali, tukashangilia.

Sufuri nne! Asiyejua angedhani zamaanisha pahali pasipo mtu. Kumbe katika muktadha huo zamaanisha anwani zote za tarakilishi ile, ikiwemo ile inayoikabili dunia nzima. Hatukujua pia kwamba MongoDB haidai nywila kwa chaguo-msingi, wala kwamba kingamtandao ya Ubuntu iitwayo ufw huja ndani ya mfumo ikiwa imezimwa. Hayo ni machaguo ya watu mbalimbali wasiojuana, kila moja likiwa na hoja yake, nasi tuliyarithi yote kwa pamoja pasipo kuambiwa. Wiki mbili hazikutimia. Asubuhi moja tulikuta hifadhidata tupu, na ndani yake ujumbe mmoja wa Kiingereza ukidai fidia ya bitcoin. Sauti zilikuwa salama kwenye diski iliyofungiwa kabatini. Orodha na matini hazikuwa na nakala.

Nilirudi Kwale kumweleza yule bibi, kwa sababu nililelewa kwamba habari mbaya haitumwi kwa simu. Nikamwamkia, akanikalisha, nikasema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mlango mliufunga, mjukuu wangu?" Nikamjibu, "Tulidhani umefungwa, bibi." Hakunilaumu. Aliuliza tu ni nani aliyezisoma zile nyimbo. Hadi leo sina jibu la kumpa, kwa sababu aliyefuta hifadhidata anaweza kuwa aliinakili kwanza, au asiwe amesoma hata mstari mmoja.

Nilipoanza kusoma kuhusu mambo haya niligundua kwamba kosa letu lina ukoo mrefu. Mnamo Januari 2001 ilizuka programu hasidi ya aina ya mnyoo, iliyopewa jina Ramen, ikazivamia tarakilishi zenye matoleo ya 6.2 na 7.0 ya Red Hat Linux. Iliingilia kwenye kasoro za huduma tatu: ya kuhamisha faili, ya kushirikiana faili mtandaoni na ya kuchapisha. Wengi wa waliovamiwa hawakuwa na haja na huduma hizo. Zilikuwa zimewekwa na kuwashwa kwa sababu waliotayarisha mkusanyo waliona ni hisani kumpa mnunuzi kila kitu kikiwa tayari. Jambo lililonichekesha kwa uchungu ni kwamba Ramen, baada ya kuingia, ilizima zile huduma zenye kasoro ili mnyoo mwingine usipite hapo. Mwizi ndiye aliyefanya kazi ambayo mjenzi wa nyumba hakuifanya. Toleo la 7.1 la Red Hat, lililotoka mwaka huohuo, lilimwuliza mtumiaji wakati wa kuusakinisha mfumo anataka kinga ya kiwango gani.

MongoDB yenyewe ilikuwa imepitia njia hiyohiyo kabla yetu. Matoleo yake ya awali yaliusikiliza ulimwengu mzima pasipo nywila. Mwanzoni mwa mwaka 2017 wadukuzi waliyapitia makumi ya maelfu ya hifadhidata za aina hiyo, wakafuta na kudai fidia, na mwishoni mwa mwaka huo ndipo toleo la 3.6 lilipoufunga mlango kwa chaguo-msingi katika nakala zake zote. Sisi basi tulipokea programu iliyokwisha kutubu. Tukairudisha dhambini kwa mikono yetu.

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu, na sitaki kuurahisisha. Rafiki yangu mmoja anayesomea sayansi ya tarakilishi huniambia kwamba kisa chetu kinathibitisha kinyume cha nikitakacho: mlango uliofungwa kwa nguvu humfundisha mgeni kuuvunja. Laiti hifadhidata ingalikuwa na njia rahisi ya kutufikia mabwenini, tusingalitafuta mwongozo wa mtu baki. Hoja yake ina uzito. Mfumo uliofungwa kila upande ni salama kama kitabu kilichofungiwa kabatini, na kitabu hicho hakimfai msomaji. Anayeanza akikuta kila kitu kinakataa, ama ataacha, ama atazima kinga zote kwa mara moja ili apumue. Isitoshe, kuna mahali ambapo kufunga ni kumfungia nje mwenye nyumba. Seva ya kukodi iliyo ng'ambo haina kioo wala kibodi mbele yako. Huduma ya SSH ikizimwa kwa chaguo-msingi, utaingilia wapi?

Mikusanyo yenyewe imetofautiana. Ubuntu, tangu ulipoanza mwaka 2004, ulishika kanuni kwamba mfumo mpya usiwe na huduma inayosikiliza mtandao, isipokuwa chache zenye sababu maalumu. Debian, ambao ndio mzazi wa Ubuntu, una desturi kwamba ukisakinisha huduma, huwashwa papo hapo, kwa hoja kwamba aliyeisakinisha bila shaka anaitaka. Fedora husema la: kusakinisha ni jambo moja na kuwasha ni jingine, na kila moja lahitaji amri yake. Kwa mtazamo wangu Fedora wana haki zaidi, japo nakiri kwamba wengi wetu tungeona usumbufu. Mtu hununua panga ili aliweke nyumbani; hatukisii kwamba ataanza kukata dukani.

Ninaloshikilia ni hili. Mlango uwe umefungwa kwa chaguo-msingi, na kitendo cha kuufungua kiwe kidogo, cha makusudi, chenye kujieleza. Sisemi kiwe kigumu. Ugumu haufundishi chochote. Sisi tulivuka ugumu kwa kunakili mstari mmoja. Tulichokosa ni maana ya ule mstari.

Mifano ipo. Raspberry Pi, ile tarakilishi ndogo inayotumia Linux, kwa miaka mingi ilikuja na mtumiaji aitwaye pi na nywila raspberry, huku huduma ya SSH ikiwa wazi. Mwaka 2016 mnyoo uitwao Mirai uliziteka kamera za ulinzi na vifaa vingine vingi vinavyoendeshwa na Linux kwa kujaribu tu orodha ya majina na nywila za kiwandani, majozi yapatayo 60. Mnamo tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo liliielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na watu wengi wakashindwa kuifikia mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix. Mwezi uliofuata watengenezaji wa Raspberry Pi waliizima SSH kwa chaguo-msingi. Lakini hawakumwacha mwenye nyumba nje. Walisema: ukiitaka, weka faili tupu liitwalo ssh kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya kuwasha. Faili tupu! Halina hata herufi moja ndani. Hata hivyo, lathibitisha kwamba kuna binadamu aliyekusudia. Mwaka 2022 wakamwondoa na yule mtumiaji pi, na tangu hapo kila mtu hujitungia jina na nywila.

Mfano wa pili naupenda zaidi kwa sababu ni wa lugha. Redis ni hifadhidata nyingine iliyokuwa na tabia kama ya MongoDB. Mwitaliano aliyeiunda, Salvatore Sanfilippo, aliongeza katika toleo la 3.2 la mwaka 2016 kinga ya aina yake. Ikiwa mwenyewe hajaweka nywila wala kutaja anwani, Redis haimpuuzi mgeni atokaye nje wala haimfungulii. Humjibu kwa maelezo: nimekataa kwa sababu hii, na ukitaka kuingia zipo njia hizi. Kukataa kwenyewe kumefanywa kuwa somo. Nilipousoma ujumbe ule kwa mara ya kwanza niliwaza kwamba kama ungalitujia sisi mwaka 2020, tungaliketi tukauliza. Kisha nikawaza la pili: ungalitujia kwa Kiingereza cha kihandisi, nasi tulikuwa na haraka.

Kuhusu lugha hiyo nina neno, nalo ndilo lililonifanya nilete makala haya hapa badala ya kuyapeleka kwa wenzetu wa idara jirani. Kiswahili kimefanyiwa kazi kubwa katika uwanja wa tarakilishi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na istilahi zilizoundwa wakati ule zilionyesha kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kusema Kiswahili. Kampuni kubwa zimetafsiri menyu za simu na za wavuti. Hata hivyo, tafsiri hizo zote hukomea sebuleni. Tumetafsiri "Hifadhi", "Chapisha" na "Funga". Faili za mipangilio ya huduma, mahali ambapo mlango hufunguliwa au kufungwa kwa kweli, na maelezo mafupi yaliyomo humo yanayoonya na kufafanua, yamebaki Kiingereza kitupu. Hatujatafsiri onyo hata moja.

Wapo watakaosema kwamba anayeendesha seva lazima awe anajua Kiingereza, kwa hiyo tafsiri hiyo ni anasa. Sikubali. Sisi tulijua Kiingereza; tulifanya mitihani kwacho. Kujua lugha ya darasani si sawa na kuelewa onyo la kiufundi usiku wa manane. Na siku hizi wanaoendesha seva si wahandisi pekee. Ni chama cha akiba kilichokodi seva ili kiweke orodha ya wanachama, ni shule yenye tarakilishi kumi, ni mwanafunzi wa fasihi simulizi.

Tena si suala la hiari tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, inamtaka mwenye kukusanya data za watu aweke hatua za kuhakikisha kwamba, kwa chaguo-msingi, ni data zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa pekee ndizo zinazochakatwa. Bunge letu limetumia dhana hiyohiyo tunayoijadili. Lakini mzigo limemtwika mwenye kukusanya, yaani sisi, wala si mhandisi aliyeamua kwamba nywila si lazima. Huenda ni haki. Tuliochukua nyimbo za yule bibi ni sisi.

Tangu muhula uliopita mimi na wenzangu watatu tumeanza kutafsiri maelezo yaliyomo katika faili ya mipangilio ya SSH, sentensi kwa sentensi. Kazi ni tamu na inaaibisha. Mathalani, lipo neno la Kiingereza "bind", lenye maana ya kuiambatisha huduma na anwani itakayoisikiliza. Mwenzetu mmoja alipendekeza "funga", kama mtu afungavyo mbuzi kwenye mti, na kimsamiati hakukosea. Tulikuwa karibu kulipitisha. Kisha tukausoma mstari mzima kwa sauti: "Funga huduma kwenye 0.0.0.0." Mswahili yeyote akiusoma mstari huo atatii akiamini kwamba ameufunga mlango, ilhali ndipo atakuwa ameuacha wazi kwa ulimwengu wote. Tumeweka "ambatisha" kwa muda. "Sikiliza" nalo linatutatiza, maana huduma haisikilizi kama mwanafunzi asikilizavyo mhadhara. Husubiri hodi, na huenda "subiri" likawa sahihi zaidi.

Tumebakiwa na sentensi zipatazo arubaini, na kwa kumi na moja kati ya hizo hatukubaliani. Hukutana kila Alhamisi alasiri katika chumba cha chama. Wahadhiri wetu wa semantiki na wa tafsiri, pamoja na mwanafunzi yeyote mwenye neno bora kuliko "ambatisha", wanakaribishwa.